Usingizi wa Kampuni

Tarehe 11 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Mpe mama shikamoo yangu kabla hujasoma mstari wa pili, maana najua atauliza kama nimemsahau. Goti lake nalo lisalimie peke yake, kwa kuwa limeshakuwa mtu wa tatu humo ndani. Na wewe, na mikono yako iliyochubuliwa na sabuni ya hospitali, nawasalimu. Mimi ni mzima. Sisemi hivyo kwa mazoea ya barua. Ni mzima kweli, na hilo ndilo lililonishtua hadi nikaomba karatasi.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu zetu zilikusanywa langoni siku tuliyofika, zikafungiwa kabatini, tukaambiwa tutazikuta. Hapa kuna neno lao wanalolirudia asubuhi na jioni: kurudi kwenye msingi. Msingi wenyewe ni vitu ambavyo hata mtoto anavijua. Kulala, kutembea, kula chakula kisicho na madoido, na kufurahia kitu kidogo kilicho mbele ya macho yako. Nyumba iko juu ya kilima, ndefu, ina madirisha mengi na vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi ya buluu. Tuko madereva saba wa kampuni, wote wa njia ndefu.

Mwalimu wetu ni mama mmoja mpole tuliyempa jina la Mama Pumzi, kwa sababu hata akitaka kukuomba chumvi ataanza na "vuta pumzi." Hebu fikiria, watu wazima wenye vitambi vya kukalia usukani, tumelazwa chali kwenye mikeka tunafundishwa kupumua. Sharubu angekuwepo angesema leo tunafundishwa kupumua, kesho tutafundishwa kunyonya.

Sharubu hayupo, basi tukanyamaza.

Lakini nimelala, mdogo wangu. Tangu mwaka tuliomzika baba sijapata kulala namna hii. Usiku wa kwanza niliamka na alama za mto shavuni, sikujua niko wapi wala mimi ni nani, na sikujali. Meneja mwenyewe ndiye aliyetuleta. Alinifungulia mlango wa gari, mimi niliyemfungulia yeye milango miaka yote hii. Alisema ajali ile ya basi iliyomuua Sharubu imetuumiza sote, nipumzike, atakuja kunichukua. Siku hakutaja.

Wako, kaka yako.


Tarehe 29 Januari

Kaka yangu,

Barua yako imefika, nasi tumeipokea kwa furaha na kwa kicheko, maana mama amesema anataka kumwona huyo anayelipwa kuwafundisha watu kupumua. Anasema yeye alikufundisha bure, tena kwa kofi moja tu mgongoni. Anaitikia marahaba. Goti linaitikia pia, hasa mvua ikikaribia. Mimi niko kama ulivyoniacha, asubuhi kwenye mashine za kufulia, mchana kwenye kamba, jioni nanuka dawa ya madoa hata nikioga mara mbili.

Wiki iliyopita walikuja watu wawili wa kampuni yako, wamevaa vizuri, wana adabu. Walivua viatu mlangoni. Wakasema wewe ni kati ya watu wa thamani kwao na hawapendi familia yako ilale vibaya wakati wewe unalala vizuri. Wakashusha godoro, jipya, nene, bado lina karatasi yake ya nailoni. Mama akashukuru. Mimi nikauliza utarudi lini. Mmoja akatabasamu, akasema mgonjwa wa uchovu haharakishwi. Nikamwambia kaka yangu si mgonjwa. Akasema, "Ndiyo, bila shaka," kisha akauliza kama huwa unaongea peke yako.

Godoro sijalilalia. Limesimama ukutani kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Redio inasema kwenye basi la Sharubu ilikutwa chupa. Inasema alikuwa amelewa. Kaka, Sharubu huyu huyu aliyekataa sharubati iliyokaa mpaka jioni, asije akalewa? Mkewe hatoki nje kwa aibu. Kondakta wake yuko wodini kwetu, hajazinduka. Tume ya uchunguzi imeundwa na inasemekana itawaita waliomwona mara ya mwisho. Wewe ulikuwa naye karakana asubuhi ile. Alikuwaje? Alisema nini?

Na jambo dogo. Bahasha yako ilikuwa imebandikwa kwa gundi mbili. Ya juu ilikuwa bado mbichi.

Mdogo wako.


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Barua yako ilikaa kidogo kwa Msimamizi wa nyumba hii kabla ya kunifikia. Nafurahi mama hajambo. Nafurahi mmepata godoro. Lilalieni, ni la kulaliwa.

Huku maisha ni mazuri. Kila asubuhi tunazunguka kilima kwa miguu, kwa mstari, bila kuongea. Mwanzoni nilihema kama gari bovu kwenye mlima. Sasa miguu inanitii. Tumbo limeingia ndani mpaka nimetoboa mkanda tundu jipya kwa msumari. Juzi Mama Pumzi alitupa chungwa moja moja, akatuambia tulile polepole, mpaka tusahau kwamba kuna kitu kingine duniani. Nilikuwa sijawahi kulila chungwa, mdogo wangu. Nilikuwa nayameza huku natazama barabara. Jirani yangu wa kitanda, dereva tunayemwita Gia, alilia. Alisema ni maji ya ganda yamemwingia machoni.

Huyu Gia ni mtu wa kelele. Anauliza maswali mengi wakati wa chakula. Namwambia apumzike.

Mambo ya redio usiniandikie tena. Yananiharibia usingizi, na hapa usingizi wetu unaangaliwa. Kuna mtu anapita na tochi kuona nani amelala na nani anajifanya.

Mpe baba salamu zangu. Mwambie nakumbuka alivyotufundisha kukaa mezani kukiwa na wageni wasioeleweka. Akikuuliza habari zangu mwambie nakaa hivyo hivyo.

Kaka yako.


Tarehe 3 Machi

Kaka,

Nyumbani ni salama. Mama anakusalimu, amekonda kidogo ila ulimi haujakonda.

Baba nimemsalimia. Nilikwenda kwake Jumapili na maua, nikang'oa magugu yaliyoota pembeni, nikakaa naye mpaka jua likawa kali. Alinikumbusha alichokuwa akitufundisha: mgeni usiyemjua akiwa mezani, kula, tabasamu, na usiseme kitu. Kwa hiyo sina mengi ya kusema. Hali ya hewa ni nzuri. Mashine mbili za kufulia zimeharibika na fundi hajaja. Kondakta bado amelala.

Lala vizuri. Tembea sana. Miguu ikiwa na nguvu ni akiba.

Mdogo wako.


Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii haipiti kwa Msimamizi. Kuna mama anatuletea mboga jikoni. Anaficha karatasi chini ya kikapu na ataiposti mjini kwao. Nikijibiwa, nijibiwe kupitia kwake, anwani ameiandika nyuma. Kwa hiyo leo hakuna mgeni mezani, nami nitasema.

Nilijua utanielewa niliposema umsalimie baba. Miaka yote hiyo kaburini, bado anatufaa.

Asubuhi ile ya ajali nilikuwa nimetoka kukabidhi basi langu. Sharubu alikuwa ameingia saa chache kabla kutoka safari ya usiku, na Meneja akamwambia ageuze. Dereva wa zamu alikuwa hakuja. Sharubu alimwambia mbele yangu na mbele ya kondakta wake: "Mzee, macho yangu hayafunguki. Nipe hata saa tatu nijinyooshe." Alikuwa ameshika nguzo ya karakana kama mtu aliye ndani ya gari linalokwenda. Meneja hakupandisha hata sauti. Alisema, "Utalala ukistaafu." Akamtupia funguo. Zilianguka chini, Sharubu akainama kuziokota, akakawia kuinuka. Nadhani alilala pale pale, ameinama. Kisha akapanda. Chupa haikuwepo. Harufu haikuwepo. Kulikuwa na mtu aliyechoka, basi.

Hapa tuko saba, na kila mmoja wetu alikuwa karakana siku ile, au aliwahi kugeuzwa vile vile. Ilinichukua muda kuliona hilo. Usingizi mtamu unakufanya mpumbavu. Mwezi huu Msimamizi ameanza kutuita mmoja mmoja ofisini. Kuna maelezo yameshaandikwa kwamba Sharubu alinuka pombe. Unatakiwa kutia sahihi tu, ndipo "programu yako itakamilika." Wawili wameshatia. Wamerudi makwao, wamepewa na magodoro.

Gia alikataa. Aliwaambia usoni, kwa sauti iliyofika mpaka bwenini, kwamba atakwenda mbele ya tume hata kwa kutambaa. Jioni ile Msimamizi alituambia Gia ameomba kwenda nyumbani na gari litampeleka. Niliona taa za gari zikishuka. Asubuhi nilipotandika kitanda changu niliona viatu vyake chini ya chake. Viatu vyake vyote viwili, vimepangwa vizuri, soksi ndani. Nikamwuliza Mama Pumzi mtu anasafiri vipi pekupeku. Aliniangalia kwa huruma kabisa, mdogo wangu, sikuona unafiki machoni mwake. Akasema, "Vuta pumzi."

Nikavuta.

Kuna kitu kingine kinachoniogopesha kuliko viatu. Ni kwamba nimepona. Mgongo hauumi. Mikono haitetemeki. Nasikia ndege, nasikia ladha ya maji. Kuna asubuhi naamka, kabla kumbukumbu hazijafika, nafikiri: tia sahihi, Sharubu hatarudi, na wewe bakia hivi hivi. Wanajua wanachotupa. Hawatupigi. Wanatupa kitu ambacho walituibia wenyewe, na tunawashukuru.

Kaka yako.


Tarehe 2 Aprili

Kaka yangu,

Mama wa mboga ni mtu wa kweli. Barua imefika, bahasha ina gundi moja.

Mama nimemsomea yote. Hakulia. Alinyanyuka, akachukua kisu cha jikoni, akalichana lile godoro tangu juu mpaka chini, akanituma nikatupe sifongo jalalani. Kisha akaomba chai.

Sasa nisikilize. Mke wa Gia amekuja kwetu. Alipata jina lako kutoka kwa mumewe, kwenye barua zake za mwanzo. Gia hajafika nyumbani. Mkewe alipokwenda ofisini, Meneja alimkaribisha, akamwagizia soda, akamwambia wanaume wakipumzika vizuri huwa wanapata mawazo mapya, pengine ana mwanamke mwingine. Amekuja na picha ya harusi yao aniulize kama nimewahi kumwona. Nimemwambia habari za viatu. Sikuweza kunyamaza. Akasema mumewe ana nyayo laini, hata kwenye kokoto za uani huruka kama kuku.

Kondakta amezinduka. Ni siku nyingi sasa. Nilikudanganya makusudi kwa sababu ya wageni wa mezani. Mimi ndiye ninayebadilisha shuka zake, na siku moja alinishika mkono akauliza kama Sharubu alikufa. Daktari wake anajua, muuguzi mmoja anajua, mimi najua. Wale watu wa adabu hupita wodini wakiuliza, na tunawaambia bado. Yeye hufumba macho. Anajua kujifanya amelala kuliko ninyi wote huko.

Tume itakaa tarehe 24 mwezi huu, ukumbi wa halmashauri. Jina lako liko kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Kondakta atasema, lakini ni mtu mmoja, na kichwa chake kilipasuka. Watasema amechanganyikiwa. Mkiwa wawili mnaosema neno lile lile, ni kitu kingine.

Njoo. Mama anasema umezunguka kilima vya kutosha, sasa kishuke.

Mdogo wako.


Tarehe 10 Aprili

Dada,

Napenda kukujulisha kwamba naendelea vizuri sana. Nimetafakari na nimeona afya ni bora kuliko mambo mengine. Nimeamua kubaki hapa kwa muda mrefu zaidi kwa hiari yangu. Tafadhali msije kunitafuta, na mimi sitasafiri mwezi huu. Kumbukumbu zangu za siku ya ajali si nzuri na nisingependa kuulizwa. Nalala vizuri.

Ndimi.


Tarehe 26 Aprili

Kaka yangu,

Sijui naandika kwa nani. Hii naipeleka kwa mama wa mboga, nikiomba kama uko hai ikufikie, na kama hauko anirudishie. Karatasi yako ya tarehe kumi ilikuja na bahasha ya kampuni. Mwandiko ni wako. Lakini hujawahi kuniita "dada" tangu nizaliwe, na barua haikuwa na salamu ya mama. Mama aliishika, akaipima mkononi kama anapima samaki, akasema, "Hii imeandikwa mtu amesimama nyuma yake." Tukashikilia hilo. Hatukuwa na kingine cha kushikilia.

Siku ya tume tulifika mapema, mama, mke wa Gia na mimi. Ukumbi ulijaa. Mke wa Sharubu alikaa nyuma, amejifunika. Jina lako liliitwa mara tatu. Mara zote tuligeuka kutazama mlango.

Ndipo wakili wa kampuni akasimama. Alisema kwa masikitiko kwamba shahidi huyu amekuwa kwenye matunzo kwa miezi mingi, akili yake imechoka, na kampuni kwa utu wake imekuwa ikimhudumia. Akasema ana ushahidi. Kaka, walikuwa na barua zetu. Walizinakili zote kabla ya kutuletea. Akasoma: "Mpe baba salamu zangu." Akamgeukia Meneja, akamwuliza baba wa shahidi yuko wapi. Meneja akajibu kwa sauti ya msibani kwamba mzee huyo alishafariki zamani. Ukumbi ukashusha pumzi. Halafu akasoma na ya kwangu: "Baba nimemsalimia." Akasema pengine ugonjwa huu ni wa ukoo.

Tulidhani tunajificha, kumbe tulikuwa tunawaandikia maneno ya kutuzikia. Nilisimama nikasema kwamba baba ni marehemu na sisi sote tunajua, kwamba hiyo ilikuwa namna ya kuambiana tunasomwa. Wakili akauliza, "Mnasomwa na nani?" Watu wakacheka. Nikatoa barua yako ya Machi kifuani, nikampa mwenyekiti. Aliipokea, akaisoma kwa muda mrefu, akasema itapokelewa kama maoni ya familia.

Hapo mama akainuka. Unajua anavyoinuka, kwa awamu. Akamwuliza wakili, "Wewe baba yako yuko hai?" Akajibu hapana. Mama akasema, "Na hujawahi kumsalimia?" Yule bwana akapanga makaratasi yake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kondakta aliletwa mwishoni, kwenye kiti cha magurudumu, muuguzi nyuma. Meneja alipomwona alisimama nusu, akakaa. Kondakta anaongea polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alisema Sharubu aliomba saa tatu. Alisema funguo zilianguka chini. Alisema jibu alilopewa, na lilikuwa lile lile ulilolinukuu wewe, neno kwa neno, naye hajawahi kuiona barua yako. Mwenyekiti aliifunua tena ile karatasi, akasoma, akaiweka chini. Alimwangalia Meneja kitambo. Mke wa Sharubu alifunua uso.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na ulipaswa kuyaona. Uko wapi? Kwenye ngazi za ukumbi mmoja wa wale watu wa adabu alinishika kiwiko, akanisaidia kushuka, akasema, "Mwambie kaka yako, tukimwona sisi kwanza, tutamsalimia baba."

Mdogo wako asiyelala.


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Niko hai. Lianze hilo, mama asisubiri salamu. Kisha shikamoo yake, na unisamehe kwa kukuita dada.

Ile karatasi niliandika Msimamizi akiwa nyuma yangu, mkono wake begani. Maelezo yao sikuyatia sahihi. Nilimwambia kwanza niwaandikie nyumbani wasinitafute, ili nitulie, halafu nitatia. Akafurahi. Tangu siku ile hawakunimulika tena na tochi. Siku mbili kabla ya tume, tulipokuwa tunazunguka kilima, mimi wa mwisho kwenye mstari, niliacha mstari uende. Hakuna aliyegeuka. Tulikuwa tumefundishwa kutogeuka. Niliteremka upande wa nyuma, kwenye vichaka, ambako hakuna njia. Miguu ilinibeba. Ni wao wenyewe walioijenga.

Nilipofika chini niliona magari ya kampuni yameshaanza kupita, yakipanda na kushuka kwenye barabara pekee ya kutoka. Nikalala mtaroni usiku kucha, mvua ikaninyea, na asubuhi mama wa mboga akanikuta nina homa, natetemeka. Alinificha kwenye banda lake la kuku. Siku jina langu linaitwa mara tatu, mimi nilikuwa naweweseka kati ya kuku. Barua yako alinisomea yeye, mimi nikiwa siwezi kushika karatasi.

Mke wa Gia alikuja mwanzoni mwa mwezi kumtafuta mumewe, akanikuta kwa mama wa mboga, nikamwomba asinitaje popote, hata kwenu, mpaka niandike mwenyewe. Tukaenda pamoja kituo kidogo cha polisi cha hapa. Askari alikuwa mtu mzima, hakutusumbua. Alisema usiku mmoja wa Machi waliokota mtu kwenye kona ya chini ya kilima, amegongwa na gari ambalo halikusimama. Hakuwa na kitambulisho. Halmashauri ilimzika. Mke wa Gia aliuliza swali moja: "Alikuwa amevaa viatu?" Askari akatikisa kichwa. Tulionyeshwa mahali. Hakuna jina, kuna namba kwenye kipande cha bati. Mke wa Gia alivua viatu vyake mwenyewe akasimama pale, kwenye kokoto, mpaka nilipomwomba tuondoke.

Taarifa ya tume nimeisikia kwenye redio ya jirani. Imesema Sharubu hakulewa. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mkewe. Imesema dereva alikuwa amechoka. Nani alimchosha, haikusema. Meneja amehamishiwa kituo kingine. Kuhusu Gia, faili limefunguliwa, na askari ameniambia kwa upole kwamba mafaili ya namna hii hufunguka kirahisi kuliko yanavyosonga.

Jana nilipanda kilimani. Nilitaka kuchukua vile viatu, kama bado vipo. Lango limepakwa rangi mpya na mlinzi ni mwingine, hakunijua. Basi dogo lilikuwa linashusha madereva, wa kampuni nyingine kabisa, jina ambalo umeliona barabarani. Wanaume wa makamo, macho mekundu, kila mmoja na mfuko wake. Wanataniana kama tulivyotaniana sisi. Mama Pumzi alikuwa kibarazani amekunja mikono, anatabasamu. Aliniona. Alinitikisia kichwa vizuri tu, kama mtu anayemwona jirani sokoni.

Nikasimama nje ya lango na kila aliyepita nikamwambia: "Kaka, kabla hujaingia, jiulize umeona nini kazini ambacho hawataki ukiseme." Wengine walinicheka. Mmoja alinipa sarafu. Mmoja tu ndiye aliyesimama. Mwembamba, mvi masikioni, kope zinamwangukia akiwa amesimama pale pale. Akaweka mfuko wake chini. Nilimweleza yote, ya Sharubu na ya Gia, na alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona ananiamini.

Kisha akauliza, "Na kulala? Ni kweli humo watu wanalala?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimtazama macho yake, mdogo wangu, nikayaona ya Sharubu, ulimi ukakataa. Nikamwambia ni kweli.

Akauokota mfuko wake, akaingia.

Kaka yako.